Donge la Damu Baada ya Jino Kung'olewa, na Jinsi Madaktari Wanavyolitia Nguvu

Zamani, kijana wa Kijaluo aling'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini. Desturi hiyo iliitwa nak, na wazee wengi husimulia kwamba pengo lile lilikuwa na faida yake pia: mtu akipatwa na pepopunda na taya zikafungana, aliweza kunyweshwa uji kupitia hapo. Hapakuwa na sindano ya ganzi wala uzi wa kushonea. Yalibaki matundu sita wazi, na kilichoyaziba kilikuwa damu ya kijana mwenyewe. Iliganda, ikakaa mahali pake, na baada ya miezi ikawa imeacha ufizi na mfupa mpya.

Desturi ya nak imekwisha, lakini meno yanaendelea kung'olewa kila siku katika hospitali na zahanati za Migori na Homa Bay, kwa sababu yameoza, yamelegea au yamevunjika katika ajali ya bodaboda. Kidonda kinachobaki hupona kwa njia ile ile ya zamani. Tofauti ni kwamba sasa madaktari wa meno wanajua kwa undani kinachofanyika ndani ya lile donge la damu. Wamepata pia njia ya kuchota damu kidogo ya mgonjwa, kuizungusha kwa mashine, kutenga sehemu yenye nguvu ya kuponya na kuirudisha kwenye kidonda. Njia hiyo haimhusu kila mgonjwa. Hata hivyo, mkazi anayeielewa hujua pia namna ya kulinda kidonda chake hata kama mashine hiyo haipo karibu naye.

Kinachotokea ndani ya tundu

Jino likitoka, tundu hujaa damu, na kwa dakika chache damu hiyo huganda. Kazi hiyo huanzishwa na chembe ndogo sana ziitwazo plateleti. Mtaliano Giulio Bizzozero ndiye aliyeeleza mwaka 1882 kwamba chembe hizi zipo katika damu na kwamba zinahusika katika kuiganda. Katika milimita moja ya ujazo wa damu ya mtu mzima mwenye afya huwa na plateleti kati ya 150,000 na 450,000. Kila moja huishi siku nane hadi kumi, kisha mwili huweka nyingine mahali pake.

Mshipa ukipasuka, plateleti hukimbilia palipopasuka, zikashikana na kuziba. Wakati huo huo nyuzi nyembamba za protini iitwayo fibrini hujisuka kama wavu wa omena na kuzinasa chembe zote zilizopo. Hilo ndilo donge. Kwa muda mrefu watu walidhani kazi ya plateleti inaishia hapo, kwenye kuzuia damu. Baadaye ikajulikana kwamba ndani yake zimebeba vitu vinavyoitwa visababishi vya ukuaji. Zikishapasuka humwaga vitu hivyo kwenye kidonda, navyo huita chembe za kujenga nyama, huchochea mishipa midogo ya damu kuota na kuziamsha chembe zinazotengeneza mfupa. Kwa maneno mengine, donge linaziba tundu na papo hapo linaagiza vifaa vya ujenzi.

Ndiyo maana donge likipotea mapema kunakuwa na shida. Mfupa hubaki wazi, hewa na chakula huugusa, na mgonjwa hupata maumivu makali kuliko ya jino lenyewe. Madaktari huiita hali hiyo tundu kavu. Huanza mara nyingi siku ya pili hadi ya nne baada ya kung'oa, wakati ambapo mgonjwa alitarajia nafuu. Maumivu hupanda hadi sikioni, kinywa hutoa harufu mbaya, na mtu akitazama kwa kioo huona shimo tupu mahali palipopaswa kuwa na donge jeusi. Magego ya mwisho ya taya la chini ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu mara nyingi hung'olewa kwa kupasua ufizi na kupunguza mfupa.

Damu kwenye mashine

Wazo la kukusanya plateleti na kuziweka kwenye kidonda cha kinywa lilipata nguvu mwaka 1998, Mmarekani Robert Marx, mpasuaji wa kinywa na taya, alipochapisha matokeo ya kutumia maji ya damu yenye plateleti nyingi pamoja na mfupa wa kupandikiza. Njia hiyo hujulikana kwa herufi PRP. Ilikuwa na usumbufu wake: damu ilitiwa kwanza dawa ya kuizuia isigande, ikazungushwa, kisha ikatiwa dawa nyingine ya kuigandisha upya, na mara nyingi dawa hiyo ya pili ilitokana na damu ya ng'ombe.

Mwaka 2001 Mfaransa Joseph Choukroun na wenzake wakaja na njia rahisi zaidi, ambayo leo huitwa PRF. Hakuna dawa inayotiwa. Damu huchotwa mkononi kama ya kipimo cha kawaida, katika vichupa vya mililita 10 hivi, na papo hapo hutiwa kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungushia damu ambayo wengi wameiona katika maabara. Huzungushwa mara 2,700 hadi 3,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 10 hadi 12. Haraka ni muhimu hapa. Damu isiyo na dawa huanza kuganda yenyewe, na muuguzi akichelewa kwa dakika chache, kinachotoka ni donge ovyo lisilofaa.

Mashine ikisimama, kichupa huwa na tabaka tatu. Chini kabisa zimekaa chembe nyekundu. Juu kuna maji ya rangi ya manjano. Katikati kuna kipande laini kama utando wa yai lililochemshwa kidogo: hiyo ndiyo fibrini, ikiwa imenasa plateleti nyingi pamoja na chembe nyeupe zinazopigana na viini. Daktari hukitoa kwa koleo ndogo, hukata sehemu nyekundu na kukitia kwenye tundu kikiwa kama kizibo, au hukibana kiwe utando mwembamba wa kufunika kidonda. Kisha hushona ufizi juu yake. Kipande hicho huendelea kumwaga visababishi vya ukuaji kwa muda wa wiki moja au zaidi, na mwili wenyewe hukimaliza polepole, kwa hiyo hakuna kitu cha kurudi kutolewa.

Kwa tundu moja au mawili huhitajika vichupa vichache tu. Kichupa cha mililita 10 ni sawa na vijiko viwili vya chai, ilhali mtu anayejitolea damu hospitalini hutoa mililita 450 hivi. Hofu ya kumalizwa damu haina msingi. Tena damu hii haitoki kwa mtu mwingine wala haiendi kwa mtu mwingine. Inatoka mkononi mwa mgonjwa na kurudi kinywani mwake katika kikao hicho hicho. Waumini ambao dhehebu lao lina msimamo kuhusu damu hufanya vyema kulizungumza mapema, kwa sababu baadhi yao hukubali damu yao wenyewe itumike hivi na wengine hukataa. Uamuzi ni wao.

Inasaidia wapi, na wapi haisaidii

Ushahidi ulio mzuri zaidi unahusu yale magego ya mwisho ya chini. Tafiti nyingi zilizolinganisha wagonjwa waliowekewa PRF na wasiowekewa zimeonyesha kwamba waliowekewa hupata tundu kavu kwa uchache zaidi, na maumivu ya siku za kwanza huwa nafuu. Ufizi nao hufunga mapema kidogo. Kwa mtu aliyepasuliwa upande wa chini wa taya, anayepaswa kurudi shambani au sokoni Oyugis baada ya siku chache, hiyo si tofauti ndogo.

Hutumika pia gego la juu linapong'olewa na kuacha tundu linalofunguka hadi kwenye uwazi wa mfupa wa shavu, hali ambayo humfanya mgonjwa aone maji anayokunywa yakitokea puani. Utando wa fibrini husaidia kuziba njia hiyo. Wapo vilevile wagonjwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa sababu ya moyo au kiharusi, ambao kidonda chao huvuja kwa muda mrefu. Kwao kizibo hiki ni msaada mmoja miongoni mwa mingine, pamoja na kushona na kubana. Katika upasuaji wa fizi zilizoliwa na ugonjwa, madaktari hukitumia kujaza mashimo yaliyobaki kandokando ya mizizi.

Upande wa mfupa, matumaini yamekuwa makubwa kuliko matokeo. Baada ya jino kutoka, mfupa wa mahali hapo hupungua wenyewe. Katika mwaka wa kwanza upana wake unaweza kupungua hadi karibu nusu, na kupungua huko ndiko kunakoyapa shida meno ya bandia baadaye. PRF peke yake haijaonyesha kwa uhakika kwamba inazuia hali hiyo. Matokeo ya tafiti yanatofautiana, kwa sehemu kwa sababu kila kliniki hutumia mashine, mwendo na vichupa vyake. Anayemwambia mgonjwa kwamba damu iliyozungushwa itaotesha jino jipya, itaponya saratani ya kinywa au itaondoa haja ya kusafisha usaha anauza maneno. Tundu lililojaa usaha husafishwa kwanza. Taya lililovunjika hufungwa kwa waya au vyuma kwanza.

Malaria, aspirini na mengine ya kumwambia daktari

Kwa kuwa dawa yenyewe ni damu ya mgonjwa, ubora wake ni ubora wa damu hiyo. Hapa ndipo hali ya maeneo ya ziwa inapoingia moja kwa moja.

Malaria hupunguza plateleti. Katika kaunti hizi hilo si jambo la vitabuni: ni katika Kaunti ya Homa Bay ambapo Kenya ilizindua chanjo ya malaria kwa watoto, Septemba 2019, na eneo lilichaguliwa kwa sababu ugonjwa upo. Mtu mwenye homa anayekwenda kung'oa jino, akidhani homa yote inatokana na jino, anaweza kuwa na plateleti chache kuliko kawaida. Kidonda chake kitavuja, na hata angewekewa PRF kipande kitakuwa dhaifu. Kipimo cha malaria kabla ya kung'oa, mgonjwa akiwa na joto la mwili, huchukua muda mfupi. Jino linaweza kusubiri siku chache hadi atibiwe, isipokuwa kama kuna uvimbe unaozidi au shida ya kumeza na kupumua.

Virusi vya Ukimwi visivyotibiwa navyo vinaweza kushusha plateleti. Anayetumia dawa zake vizuri kwa kawaida hupona kidonda cha jino kama watu wengine, na hana sababu ya kuacha dawa wala kuificha hali yake kwa daktari. Mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao una familia nyingi hapa, anahitaji mpango wake: maji ya kutosha, kujikinga na baridi, maambukizi kudhibitiwa mapema, na mawasiliano kati ya daktari wa meno na kliniki anakohudhuria. Mwenye kisukari apimwe sukari kwanza. Anayetumia au aliyewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, au aliyepigwa miale kichwani au shingoni kwa ajili ya saratani, aseme kabla jino halijaguswa, kwani mfupa wake unaweza kukataa kupona.

Kisha kuna aspirini. Wapo wanaosaga kidonge na kukipachika kando ya jino linalouma. Kidonge hicho huunguza ufizi na kuacha kidonda cheupe, na kinachomezwa huzifanya plateleti zishindwe kushikana kwa maisha yao yote, yaani hadi siku kumi. Mtu kama huyo akifika hospitalini kesho yake, damu haitasimama kwa urahisi. Lakini aliyeandikiwa aspirini au warfarini na daktari wa moyo asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe ili akang'oe jino. Damu kuganda moyoni au kwenye ubongo ni hatari kubwa kuliko kidonda kinachovuja kinywani, na daktari wa meno ana njia za kuisimamisha.

Kabla ya kukubali

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa kila mtu haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, matibabu yaliyopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, na haki ya kukataa. Haki hiyo inahusu pia kichupa cha damu kwenye kiti cha daktari wa meno. Mgonjwa anaweza kuuliza, kwa Kijaluo, Kikuria au Kiswahili, kwa nini kidonda chake kinahitaji PRF ilhali matundu mengi hupona bila hiyo. Swali hilo halimkosei daktari heshima. Kwa jino la mbele lililolegea la mtu mwenye afya, jibu la kweli mara nyingi ni kwamba haihitajiki.

Gharama iulizwe kabla ya sindano. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina orodha yake ya huduma inazolipia, na ofisi ya malipo ya hospitali ndiyo inayoweza kusema kama huduma hii imo au itatoka mfukoni mwa mgonjwa. Anayeitoa anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Sindano na vichupa viwe vipya, vifunguliwe mbele ya mgonjwa, na jina lake liandikwe kwenye kila kichupa kabla hakijaingia kwenye mashine. Sentrifuji moja hubeba vichupa vya watu kadhaa kwa wakati mmoja, na kichupa kisicho na jina ni njia ya wazi ya kumtia mtu damu ya mwingine kinywani.

Upasuaji mgumu wa taya, uvimbe mkubwa au mgonjwa mwenye tatizo la damu huanzia kwa daktari wa meno wa hospitali ya rufaa ya kaunti, Migori au Homa Bay, naye akiona ipo haja humwandikia barua ya kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu.

Nyumbani, siku ya kwanza

Kwa wengi, donge la kawaida ndilo PRF yao, na makosa yanayoliharibu hufanyika ndani ya saa 24 za kwanza. Kosa la kwanza, linalofanywa na watu wenye nia nzuri kabisa, ni kusukutua kwa maji ya chumvi jioni ile ile. Maji ya chumvi ni mazuri, ila kuanzia kesho yake, yakiwa vuguvugu, na kwa kuyaacha yapite taratibu badala ya kuyasukasuka. Siku ya kwanza mgonjwa aume pamba safi kwa nusu saa hadi dakika 45 bila kuifungua kila mara kutazama, na mate ayameze. Kutema tema huvuta donge litoke.

Kuvuta kinywaji kwa mrija hufanya vivyo hivyo, na kutafuna muwa ni kubaya zaidi: mtu huufyonza na makapi yanaingia tunduni. Wakazi wa Awendo wamezungukwa na miwa, kwa hiyo katazo hili lina uzito wake kwao. Omena nao wasubiri siku kadhaa, maana vichwa na miiba midogo hujipenyeza. Uji uliopoa, viazi vilivyopondwa na ugali laini wenye mchuzi usio moto vinatosha. Sigara na ugoro hubana mishipa ya damu na kulinyima donge chakula chake. Chang'aa haisafishi kidonda, hata ikiunguza namna gani.

Mvuvi aliyeng'olewa jino mchana asiingie ziwani usiku huo. Kuvuta nyavu hupandisha msukumo wa damu, na kidonda kikianza kuvuja katikati ya maji kati ya Mbita na Mfangano hakuna pa kukimbilia hadi alfajiri.

Damu ikiendelea kutiririka baada ya kuuma pamba mpya kwa saa nzima, mgonjwa arudi hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Maumivu yakipanda siku ya tatu badala ya kushuka, arudi pia: tundu kavu husafishwa na kutiwa dawa ya kutuliza, na nafuu huja upesi. Uvimbe unaoshuka shingoni, kinywa kushindwa kufunguka, au shida ya kumeza na kupumua ni dharura, na hapo asisubiri asubuhi wala gari la bure.